Mashine ya Nicanor

Maleka alimjua Nicanor kwa mwendo wake kabla hajamwona uso. Duka lake pale Bondeni lilikuwa jembamba, mlango mmoja tu na meza ndefu ya kazi iliyoegemezwa ukutani, na mtu yeyote aliyetoka upande wa Majengo ilimbidi apunguze mwendo penye mtaro kabla ya kutokeza mlangoni. Nicanor hakupunguza. Aliuruka mtaro ule kila mara, awe na mzigo au hana. Alhamisi ile aliuruka amekumbatia mashine yake ya polishi kifuani, waya ukiburuzika nyuma.

"Fundi, nisaidie," alisema. "Imenifia mkononi."

"Salamu kwanza."

"Habari za asubuhi, Maleka. Habari za mzee. Habari za nyumbani. Haya, imenifia mkononi."

Maleka akacheka. Hakuwa amemwona tangu Idi, na sasa alipomwona amesimama pale, vumbi jeupe la polishi limemkaa kwenye nyusi na kwenye mikono mpaka viwikoni, alihisi jua limeingia dukani.

Mashine ile aliijua kama alivyomjua mwenyewe. Miaka mingi nyuma, babake Maleka, Mzee Gaffar, ndiye aliyekuwa fundi wa duka hili, na Maleka alikuwa akikaa kando yake akimshikia nati na bisibisi. Nicanor alikuwa ametoka bara kuja kutafuta kazi bandarini. Kazi ya bandari ilipokwisha alianza kuosha magari, kisha akajifunza kuyapiga polishi, akanunua mashine kuukuu iliyokuwa ikilala kila mwezi. Kila ilipolala aliileta kwa Mzee Gaffar. Baadaye macho ya mzee yakaingia ukungu na vidole vikaanza kutetemeka, na Maleka akakalia kile kiti. Wateja wengine walichungulia, wakamwona mwanamke wa Kihindi na buibui lake, wakauliza fundi yuko wapi. Nicanor hakuuliza. Aliweka mashine mezani akasema, "Inanuka moto," akakaa kwenye kibao kungoja.

Akawa aja hata mashine ilipokuwa nzima. Alikuja na viazi karai kwenye karatasi, au na swali ambalo jibu lake alikuwa nalo. Siku moja, mvua ikiwa imewafungia wote wawili ndani, alimwambia wazi kwamba anampenda na kwamba anataka kwenda kwa mzee. La dini alikuwa ameshalifikiria. Alisema yuko tayari kukaa na shekhe na kusoma, na asingesilimu kwa ajili ya harusi tu, angengoja moyo wake ukubali. "Na nadhani utakubali," alisema.

Maleka alimwambia, "Ngoja kwanza."

Mamake alikuwa amefariki karibuni. Babake alikuwa amedhoofika. Na juu ya hayo alikuwa amemwona binamu yake Sarrah alivyosemwa na jamaa alipoolewa na mtu aliyesilimu, akasemwa harusini na matangani, mpaka yeye na mumewe wakahamia Likoni. Maleka aliogopa kwamba maneno kama yale yangemmaliza babake. Nicanor alipouliza mara ya pili, alimwambia tena angoje. Mara ya tatu hakuuliza. Akaendelea kuja, akaendelea kukaa kwenye kile kibao, na Maleka akaudhania ukimya wake kuwa ni subira.

"Ilikuwaje?" alimuuliza sasa, akiipangusa mashine kwa tambara.

"Nilikuwa napiga boneti. Ikakata. Nikaitikisa, ikarudi. Nikaendelea kidogo, ikakata tena. Nikaitikisa, haikurudi."

"Wewe na kutikisa vitu."

Alianza na plagi. Aliifungua akaona nyaya zimekaa vizuri na skrubu zimekaza. Akachukua mita ya kupimia umeme, ncha moja akaigusisha kwenye jino la plagi, nyingine akaiingiza ndani ya mpini wa mashine, pale waya ulipoishia. Mita ikalia. Akaukunja waya pale unapoingilia mpini, penye shingo ya mpira, mita ikanyamaza. Akaunyoosha, ikalia. Akaukunja upande mwingine, kimya.

Hapo hapo alikuwa ameshaujua ugonjwa. Waya ulikuwa umekatika ndani ya mpira wake, mahali unapopindwa siku nzima na mkono wa mtu anayezunguka gari. Mteja mwingine angeambiwa, "Umekatika shingoni, kaa hapo nikufungie uende zako," na kazi ingekwisha chai haijapoa. Lakini Nicanor alikuwa ameketi, amenyoosha miguu, na Maleka hakutaka aondoke.

"Tutazame na swichi," alisema.

Akamtuma aagize chai ya tangawizi kwa jirani. Akafungua mpini wote. Akaipima swichi, ikawa nzima, kama alivyojua itakavyokuwa. Akazichomoa kaboni mbili, vile vijiti vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, akavigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni kana kwamba anachagua dhahabu. Vilikuwa vimefupika lakini bado vina siku zao. Akauzungusha mhimili kwa mkono. Kama akili yake ingekuwa pale, angeligundua jambo vidoleni mwake wakati ule ule. Akili haikuwa pale. Ilikuwa ikisikiliza Nicanor akisimulia habari ya mteja wa Tudor aliyeleta gari limechorwa na mbuzi.

"Mbuzi?"

"Mbuzi, wallahi. Aliona mbuzi mwenzake mlangoni mwa gari, kumbe ni yeye. Akampiga pembe."

Maleka alicheka mpaka akaiweka chini bisibisi. Baadaye alikuja kukumbuka kwamba huo ndio ulikuwa mwisho wake wa kucheka na Nicanor, na kwamba hakuwa amejua.

"Una haraka nayo?" alimuuliza.

"Kidogo. Gari latakiwa Jumamosi."

"La nani?"

"La Ken, rafiki yangu yule mrefu. Amenunua gari jeusi, kuukuu, rangi imechoka kabisa. Ameniazima, nikasema basi angalau niling'arishe."

"Akuazime wende nalo wapi?"

Nicanor alikitazama kikombe chake. Alikizungusha kidogo kwenye kisahani.

"Kanisani," alisema. "Naoa, Maleka."

Nje mtu alikuwa akivuta mkokoteni wa maji, madumu yakigongana. Maleka alingoja mkokoteni upite.

"Mashaallah," alijisikia akisema. "Nani?"

"Anaitwa Terry. Yuko ofisi za reli. Tunaimba naye kwaya." Kisha akasema haraka, "Nilitaka nikwambie mapema. Kila nikija nakuta watu."

Haikuwa kweli. Hakuwa amekuja, na hata angekuja, duka lile mara nyingi halikuwa na mtu. Wote wawili walijua, na Maleka hakumsuta.

"Uliniambia ningoje," Nicanor alisema kwa sauti ya chini. "Nilingoja. Mwishowe sikujua tena nangoja nini."

Maleka aliokota kisu. "Nishikie taa," alimwambia.

Nicanor akaja akasimama kando yake, akashika taa juu ya meza. Maleka akaukata waya pale ulipokufa, akauvua mpira, akazitoa nyuzi za shaba zikang'aa. Akazisokota. Akapasha moto chuma cha kulehemu, akayeyusha risasi, na moshi mwembamba ukapanda kati ya nyuso zao. Alifurahi kwa ule moshi, kwa kuwa ulimpa sababu ya macho yake kulowa. Mikono haikutetemeka. Hilo lilimshangaza, kwamba mikono iliweza kuendelea kufanya kazi kana kwamba haikusikia lolote.

Akafunga mpini. Akachomeka plagi, akaishika mashine kwa mikono miwili, akabonyeza swichi.

Iliwaka. Ilinguruma vizuri kwa muda, Nicanor akasema, "Mikono yako Mungu aibariki." Kisha Maleka akaongeza mwendo, na chini ya ule mngurumo akasikia sauti nyingine, ya kukwaruza, kama mtu anasaga mchanga. Kwenye matundu ya nyuma cheche zikatoka, si zile ndogo za kawaida bali za samawati, ndefu, zimezunguka mota nzima. Harufu ikaja. Akazima.

"Nini tena?" Nicanor aliuliza.

Maleka akauzungusha mhimili kwa mkono, na safari hii aliusikia. Haukuwa laini. Ulikuwa ukikwama kidogo, ukiachia, ukikwama. Akaufungua mwili wa mashine, akaitoa amecha, yaani ule moyo wa mota unaozunguka, akaishika beringi ya nyuma kwa vidole viwili akaitikisa. Ilicheza. Vumbi la polishi lilikuwa limeingia ndani yake likakauka kama saruji.

"Beringi imekufa," alisema. "Mota haikai tena katikati, yayumba. Ndiyo maana cheche. Ukiitumia hivi itasugua koili, itaungua kweli, na hapo hutakuwa na mashine."

"Nikiifanya polepole? Ni gari moja tu."

"La. Niachie. Nitakwenda kutafuta beringi. Kesho baada ya swala ya Ijumaa itakuwa tayari."

Nicanor alisimama mlangoni. Alionekana kama mtu aliyesahau kitu ndani lakini hakumbuki ni kitu gani. "Maleka," alisema.

"Kesho," Maleka akamjibu, bila kuinua uso.

Alipoondoka, aliing'oa ile beringi, akaifunga kwenye tambara, akafunga duka, akaenda kwa miguu mpaka Mwembe Tayari kwenye maduka ya vipuri. Jua lilikuwa kali. Muuza duka alimuuliza anataka beringi ya namba gani, na Maleka akasimama pale, mwanamke aliyezijua namba zile kuliko majina ya jamaa zake, akashindwa kuikumbuka. Akalifungua tambara akamwonyesha ya zamani. Muuzaji akaipangusa, akaisoma, akamletea mpya. "U mzima, dada?" alimuuliza. Maleka akasema ni joto.

*

Nyumba yao ilikuwa Mji wa Kale, ghorofa ya pili, kwenye kichochoro ambacho mtu akinyoosha mikono yagusa kuta zote mbili. Watalii waliotoka Ngome ya Yesu walipotea humo mara kwa mara, na Mzee Gaffar, ambaye hakuwaona ila kama vivuli, aliwaelekeza kutoka dirishani kwa sauti. Jioni ile Maleka alipanda ngazi, akapika mbaazi za nazi, akapasha mikate, akamkalisha babake mezani, akamshikisha kipande mkononi.

"Leo nani kaja?" mzee aliuliza, kama aulizavyo kila jioni. Habari za duka zilikuwa ndizo chakula chake cha kwanza.

"Pasi ya yule mama wa kufulia. Drili ya seremala. Na mashine ya Nicanor."

"Ina nini?"

"Waya umekatika shingoni. Na beringi."

"Ya nyuma?"

"Ya nyuma."

"Vumbi hilo. Nilimwambia aipulizie hewa kila akimaliza kazi, hasikii." Mzee akatafuna polepole. "Haji siku hizi kijana yule. Yuko wapi?"

"Yuaoa, Baba. Jumamosi."

Mzee Gaffar aliurudisha mkate kwenye sahani. "Aoa wapi?"

"Kanisani kwao. Msichana wanaimba naye."

Mzee akasema, "Mimi nilidhani atakuja kwangu."

"Kwako kufanya nini?"

"Maleka." Aligeuza uso upande aliposikia pumzi yake. "Yaliyoingia ukungu ni macho, si masikio. Akiingia yule dukani sauti yako yabadilika. Mamako alilijua kabla yangu. Siku zile kalala kitandani aliniuliza, akija yule wa bara utamjibu nini? Nikamwambia nitamuuliza kama yuataka dini kweli au amtaka msichana tu. Akisema vyote viwili, nitamshika mkono mimi mwenyewe nimpeleke kwa shekhe, akae, asome, hata mwaka. Moyo wake ukitulia, nitasema bismillahi. Mamako akasema, basi nitakufa nimetulia."

Maleka alikuwa ameshika kijiko cha mbaazi. Alikiweka chini taratibu kisitoe sauti.

"Na watu, Baba? Waliomsema Sarrah?"

"Walimsema, ndiyo. Kisha mtoto wake alipozaliwa wote wakavuka feri kwenda kula biriani ya akika. Nilikuwako. Aliyemsema zaidi ndiye aliyeomba kuongezwa nyama." Mzee akatikisa kichwa. "Nilimngoja yule kijana. Kila akija kunisalimia nilijiweka sawa, nikasema leo atalitoa. Hakulitoa. Nikaona basi, hakuwa na nia. Alikuwa yuajipitishia muda tu na mwanangu. Nikamtoa moyoni."

Hapo Maleka alipaswa kusema. Neno moja tu lilihitajika, kwamba si yeye, ni mimi niliyemkataza. Lilikuwa tayari mdomoni. Lakini akafikiri kwamba akilisema, itambidi alisikie, na hakuwa na nguvu hizo.

"Kula, Baba," alisema. "Zapoa."

*

Asubuhi ya Ijumaa alifungua duka mapema. Aliyapangusa matumbo ya mashine kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka vumbi lote likatoka. Akaipiga beringi mpya ikae mahali pake, kwa nyundo ndogo na kipande cha bomba, taratibu, akisikiliza mlio ubadilike. Akaipiga msasa laini ile shaba ya amecha iliyoungua kwa cheche, akachokoa weusi kati ya mistari yake kwa ncha ya kisu. Kaboni za zamani, zilizokuwa bado na siku zao, alizitupa, akaweka mpya. Akafungua kichwa cha gia, akatoa grisi iliyogeuka kuwa lami, akatia nyingine.

Muda wote ule alikuwa akizungumza na Nicanor kichwani. Harusi ilikuwa kesho, si leo. Mtu ambaye hajaoa hajaoa. Angemwambia: baba angekubali, Nicanor. Baba alikuwa akikungoja na wewe ukiningoja mimi, na mimi nilikuwa nimesimama katikati nimewaficha ninyi kwa ninyi. Angemwambia tu, kisha amwache aamue. Alilisema kwa sauti mara moja, duka likiwa tupu, aone linavyosikika. Lilisikika vizuri. Lilisikika kama kitu kinachowezekana.

Adhana ikaadhiniwa, mtaa ukanyamaza wanaume walipokwenda msikitini, kisha ukarudi na kelele zake. Maleka alijitazama kwenye kioo cha mita, akautengeneza mtandio. Akakaza skrubu ya mwisho. Akaijaribu mashine. Ilizunguka kwa sauti moja, safi.

Kivuli kikaangukia mezani. Hakuwa amesikia mtu akiruka mtaro.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamke. "Wewe ndiye dada Maleka?"

Alikuwa msichana mnene kiasi, uso mpana na wa upole, kichwa amekifunga kitambaa kwa sababu nywele zilikuwa zimeshasukwa kwa ajili ya kesho. Viatu vyake vilikuwa vya ofisini.

"Karibu," Maleka alisema. "Wewe ni Terry."

"Ndiye mimi. Nicanor anafunika vioo vya gari kwa magazeti kule Majengo, polishi isiingie. Nikamwambia nitakuja mimi kuichukua." Alitazama ndani ya duka, akakiona kile kibao, hakukaa. "Nisikudanganye, dada. Yeye alitaka kuja. Mimi ndiye niliyemwomba anipe nafasi hii. Nilitaka nikuone."

"Umeniona."

"Si kwa ubaya." Terry alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Kabla hajaniposa alinieleza habari zako. Zote. Alisema kuna mtu ambaye yeye alimngoja kwa miaka. Nikamuuliza, umemaliza kungoja? Maana mimi siwezi kuingia nyumba ambayo mlango wake unatazamwa. Alikaa wiki nzima bila kunijibu. Akarudi akasema amemaliza. Akalia, dada. Mwanamume mzima. Nilimkubali akiwa analia, na wengi wataniona mjinga."

"Hukufanya ujinga," Maleka alisema.

"Basi nilitaka nikuulize na wewe, uso kwa uso. Kama kuna jambo, niambie leo. Kesho nitakuwa nimevaa gauni."

Yale maneno yote aliyoyapanga Maleka tangu asubuhi yalikuwa pale pale, kwa mpangilio wake. Na aliyekuwa amesimama mbele yake akiyaomba hakuwa Nicanor bali mtu aliyekuja kwa miguu yake kwenye jua, siku moja kabla ya harusi yake, kumpa nafasi ambayo yeye Maleka hakumpa mtu yeyote. Aliutazama ule uso. Ulikuwa na hofu, na haukugeuka pembeni.

Nicanor alilia, akamaliza. Maleka akifungua kinywa sasa, ataanza kumvunja upya mtu aliyekwisha kujiunga, na atamvunja na huyu.

"Hakuna jambo," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Njoo nikuonyeshe mashine yako, maana yeye hasikii."

Akamwonyesha. Akamwambia aweke mkono pale nyuma asikie inavyozunguka bila kutetemeka. Akamwambia vumbi ndilo adui, kila jioni ipulizwe hewa, na waya usikunjwe kwa kuzungushiwa mpini, uviringwe kwa upana. Akamwambia mashine ikianza kunuka au kukwaruza izimwe papo hapo, asikubali Nicanor aseme ni gari moja tu. Terry alisikiliza kwa makini kama mtu anayekabidhiwa mtoto, akirudia kila neno chini kwa chini.

Ilikuwa nzito kwake, na viatu vile, kwa hiyo Maleka aliibeba mwenyewe mpaka kwenye tuktuk, akaiweka kitini, akauviringa waya juu yake.

"Utakuja kesho?" Terry aliuliza. "Ningefurahi. Nasema kweli."

"Baba haachwi peke yake," Maleka alisema. "Mungu awabariki."

Tuktuk ikaondoka kuelekea Majengo. Maleka alirudi dukani, akapanga bisibisi zake kwa urefu, akazipanga tena, kisha akavuta mlango akaufunga kwa ndani na kukaa gizani kwenye kile kibao. Machozi hayakuja. Alikaa tu, viganja vikinuka grisi.

*

Jumamosi hakufungua duka. Alifua mapazia yote ya nyumba ingawa hayakuwa machafu, akapika, akapiga deki mpaka kwenye ngazi. Mzee Gaffar alikaa dirishani akisikiliza maji, ndoo na fagio, mpaka adhuhuri ilipopita.

"Maleka, njoo ukae."

Alikuja akakaa sakafuni, miguuni pake, sakafu ikiwa bado na unyevu.

"Sasa hivi yuko kanisani yule," mzee alisema. "Na mimi namwambia Mungu amsamehe kwa kukuchezea."

"Usiseme hivyo, Baba."

"Nitasemaje? Mtu mwenye nia huja mlangoni."

"Alitaka kuja!" Sauti ilimtoka kwa nguvu asiyoitarajia. Akaishusha. "Alitaka kuja, Baba. Aliniomba mara mbili. Mara ya kwanza mama hajatimiza arubaini. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia angoje, na sikumwambia angoje mpaka lini. Hakunichezea. Hakunichezea hata siku moja."

Mkono wa Mzee Gaffar ulitafuta hewani ukakipata kichwa cha binti yake.

"Kwa nini hukuniuliza, mwanangu? Nilikuwa hapa hapa. Kila jioni nakuuliza nani kaja."

"Niliogopa utakufa."

"Nitakufa," alisema mzee. "Lakini si kwa hilo."

Hapo ndipo Maleka alipolia. Alilia kwa sauti, uso umezama kwenye kikoi cha babake, mabega yakiruka, sauti ile ikatoka dirishani ikajaa kichochoro. Chini mtu akasimama. Mahira, jirani wa nyumba ya mkabala, akafungua dirisha lake na kuita, "Mzee Gaffar! Kuna nini huko? Kuna msiba?"

Mzee akainua uso kuelekea sauti ilipotoka.

"Hakuna kitu, Mahira," alijibu. "Nimemkaripia mwanangu. Nimemkosea. Tuache kidogo."

Dirisha likafungwa. Mzee hakuuondoa mkono. Alimpapasa kichwani huku akitikisika mwenyewe, na aliendelea hivyo hata Maleka alipochoka akabaki na kwikwi tu, na jua likahama kutoka ukuta mmoja wa kichochoro kwenda mwingine.

Ilipoadhiniwa alasiri, Maleka alinyanyuka, akanawa uso, akamletea babake maji ya udhu. Akamvalisha kofia, akamshika mkono, wakashuka ngazi pamoja mmoja nyuma ya mwingine kama walivyozoea. Penye mlango wa msikiti ilikuwa desturi mzee auachie mkono wake na kuingia kwa kupapasa ukuta. Siku hiyo hakuuachia mara moja. Alisimama pale ameushika, watu wakiwapita kushoto na kulia, mpaka muadhini alipokwisha kukimu swala.